Scream 7: Kinyago Siyo Staa, Staa ni Yule Anayekimbia

Mwaka 1989 Jason alipelekwa New York. Yule yule wa Friday the 13th, jamaa wa panga na kinyago cha hoki, ambaye miaka yote alikuwa anachinja vijana kule ziwani porini. Studio ikaona mbona rahisi, mpeleke mjini, watu watajaa. Wapi! Part ya nane ikaingiza kama dola milioni 14 tu Marekani, kidogo kuliko zote saba zilizoitangulia.

Mwaka 2023 Ghostface naye akapelekwa New York. Wazo lile lile, mji ule ule, na muvi zote mbili kwa sehemu kubwa zilipigwa Kanada. Lakini Scream VI ikavuka dola milioni 100 Marekani pekee, ikazipita Scream zote tano za nyuma kwa mapato ya nyumbani. Tiketi zimepanda bei, sawa. Ila Jason alizama na Ghostface akatoboa, na bei ya tiketi peke yake haielezi hilo.

Tofauti ni hii: muulize shabiki wa Jason akutajie vijana wawili tu waliokuwa kwenye ile meli ya 1989. Atakuna kichwa. Muulize wa Scream VI, atakutajia Sam na Tara, atakueleza nani mkubwa, nani mdogo, na waligombana kwa sababu gani. Watu hawakwenda kuangalia mji. Walikwenda kujua kama wale ndugu wawili watatoka wazima.

(Kama hujaziona hizi muvi, ishia hapa. Huko chini siri zinatoka.)

Kila ikitangazwa part mpya, maneno ni yale yale: damu iongezwe, kisu kiwe kikubwa, wafe wengi, safari hii wapelekwe sehemu mpya. Jason walimpeleka mpaka angani kwenye Jason X. Wenyewe Scream waliliona hilo mapema, maana kwenye Scream 2 ya 1997 kuna wanafunzi wa filamu wanabishana darasani kama part two inaweza kuizidi ya kwanza, na baadaye mmoja wao anakumbusha kanuni kwamba ya pili lazima maiti ziongezeke. Ilikuwa kejeli. Studio nyingi zikaichukua kama ushauri.

Kinyago chenyewe ni kitu rahisi. Kile cha Michael Myers kwenye Halloween ya 1978 kilikuwa cha dukani, hakikufika hata dola mbili, wakakipaka rangi nyeupe. Cha Ghostface nacho kilikuwa tayari kinauzwa madukani kabla Wes Craven hajaongoza Scream ya 1996. Tena kwa Scream ndiyo kabisa, maana anayekivaa anabadilika kila muvi. Leo boifurendi, kesho mama wa mtu, keshokutwa binamu anayetaka umaarufu wa bure. Muuaji hana cha kuendeleza, kila part anaanza upya.

Anayeendelea ni anayekimbizwa. Yeye ndiye anabeba makovu ya part iliyopita, anashtuka simu ikilia, anakagua mlango mara tatu kabla ya kulala. Mtazamaji amemjua tangu akiwa binti wa shule, kwa hiyo kisu kikimkaribia, moyo unaenda mbio wenyewe. Mtaani wanasema stering hafi. Scream ya kwanza ilimchinja dada aliyeonekana mkubwa kuliko wote kwenye bango hata dakika 15 hazijafika, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na uhakika. Mpende mtu, halafu usiwe na uhakika kama atapona. Hiyo ndiyo hofu, na haichakai.

Halloween walijifunza kwa kuumia. Mwaka 2002 walimuua Laurie mwanzoni kabisa mwa Halloween: Resurrection, Michael akabaki anahangaika na vijana ambao hakuna anayewakumbuka. Miaka mitano baadaye hadithi ikaanzishwa upya kutoka sifuri. Mwaka 2018 wakafuta part zote za katikati, wakamrudisha Laurie akiwa bibi mwenye bunduki na miaka 40 ya kukosa usingizi. Muvi iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni 10 ikaingiza zaidi ya milioni 250 dunia nzima. Michael alikuwa yule yule na kinyago chake kile kile. Kilichorudi ni mtu wa kumhofia.

Sasa kuna watakaosema: mbona Scream VI haina Sidney na imepiga pesa? Kweli kabisa, na hapo ndipo pa kutazama vizuri. Dada anayecheza Sidney aliikataa ile part, akasema wazi mwaka 2022 kwamba malipo aliyopewa hayalingani na thamani aliyoileta kwenye hadithi hii. Muvi ikasimama bila yeye kwa sababu part ya mwaka huo huo ilikuwa imeshapanda watu wapya, wale ndugu wawili, na mashabiki wameshawashika. Mwendelezo mzuri unafanya hivyo: wakubwa wanawakabidhi wadogo kijiti.

Halafu nini kikatokea? Novemba 2023 aliyecheza Sam akatolewa kwenye Scream 7 kwa sababu ya alichoandika mitandaoni kuhusu vita vya Gaza. Mara ikajulikana kwamba na aliyecheza Tara hayumo. Mwongozaji naye akaondoka. Ndani ya muda mfupi wale ndugu wawili waliokuwa wamepandwa hawapo tena, na kinyago kimebaki bila wa kumkimbiza. Na kwa kinyago kitupu hapana muvi, kwa hiyo ikabidi wamrudie yule yule waliyeshindwa kuelewana naye. Safari hii mkataba ukaeleweka, na Kevin Williamson, aliyeandika ile ya 1996, akakaa kiti cha mwongozaji.

Scream 7 inaingia kwenye kumbi Februari 27, 2026, Sidney akiwa mama na Ghostface akimtaka binti yake. Hapo kuna hofu halisi, maana mwanamke aliyezoea kuokoa roho yake sasa ana roho nyingine ya kuokoa. Lakini kama binti ameletwa ili awe chambo tu, apige kelele dakika 90 halafu asahaulike, itakuwa ni meli ya Jason tena. Apewe jina litakalokumbukwa, apewe ugomvi na mama yake, akosee kama watoto wa watu wanavyokosea. Hapo hata part ya 10 itatisha.

Na studio zikumbuke kitu kimoja: kinyago hakidai nyongeza ya mshahara wala hakiandiki chochote mitandaoni. Ndiyo maana wanakipenda. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa ukumbini akimwombea kinyago apone.