Mjadala Usiojibiwa Haujafungwa

Mjadala wa zamani una haki ya kufufuliwa iwapo swali lake bado linaumiza watu na jibu halijatolewa. Umri peke yake haufungi hoja. Kwa Tanzania hakuna mfano ulio wazi kuliko lugha ya kufundishia sekondari, suala ambalo kila likiibuka huzimwa kwa sentensi ileile: hilo lilishazungumzwa.

Wiki hii sentensi hiyo imetumika tena, katika kikao cha wazazi cha shule moja ya sekondari ya kata. Ajenda zilikuwa mchango wa chakula, ukarabati wa vyoo, nidhamu, na mwisho ile "mengineyo" ambayo wasomaji wa safu hii wanaijua vizuri, maana ndimo mambo mazito yanamotupwa watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu vyao. Hapo akasimama mama mmoja na daftari la Baiolojia la mwanawe wa Kidato cha Pili.

Daftari lile lilipita mikononi mwa waliokaa mstari wa mbele. Maelezo ya osmosisi yameandikwa kwa Kiingereza, mwandiko umenyooka, kichwa cha somo kimepigiwa mstari mwekundu na chini kuna alama ya vema ya mwalimu. Pembeni, kwa penseli hafifu, mtoto amejiandikia: "maji yanahama kwenda kwenye chumvi." Mama akaeleza kwamba mwanawe akiulizwa nyumbani anasimulia vizuri habari ya kipande cha kiazi kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi kikanywea, kwa kuwa ndivyo mwalimu alivyofundisha darasani, kwa Kiswahili. Mtihani ukaja kwa Kiingereza. Swali la kiazi kilekile akapata sifuri.

Akauliza: mtoto anaelewa kwa lugha moja na anapimwa kwa nyingine, kosa lake ni lipi?

Mwenyekiti akajibu, "Mama, hilo lilishazungumzwa tangu zamani. Tusifukue makaburi. Turudi kwenye michango." Baadhi ya wazazi wakapiga makofi.

Jibu hilo linaudhi kwa sababu si jibu. Kuzungumzwa si kujibiwa, na mwenye kumbukumbu ya suala hili anajua lilikoachwa. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali mwaka 1967, na Mpango wa Pili wa Maendeleo wa 1969 hadi 1974 ulikusudia kukipeleka mbele zaidi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba ufundishaji kwa Kiswahili uanze Kidato cha Kwanza Januari 1985 na ufike chuo kikuu mwaka 1992. Pendekezo lilikuwa na tarehe. Serikali haikulichukua.

Mwaka 1984, watafiti wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania. Waliona kwamba hata Kidato cha Nne ni kiasi cha mmoja kati ya kumi tu aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanzie. Kwa mantiki ya kawaida, matokeo hayo yangeipa nguvu Tume ya Makweta. Badala yake yalizaa mradi wa kuimarisha Kiingereza, kwa fedha za Uingereza, ulioanza mwaka 1987. Aliyelipia tiba ndiye mwenye lugha, na hapo ndipo hoja ilipozimwa.

Yaliyofuata ni mkanganyiko wa maandishi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilikibakiza Kiingereza sekondari. Miaka miwili baadaye Sera ya Utamaduni ikaahidi mpango wa kukifanya Kiswahili lugha ya kufundishia ngazi zote. Ni serikali ileile. Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa 2015, ikakitaja Kiswahili kwa ngazi zote na papo hapo ikaendelea kukishikilia Kiingereza. Katika miaka hiyo yote wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameandika na kufanya majaribio madarasani kuonyesha kwamba mwanafunzi hujieleza vizuri zaidi kwa lugha anayoimudu. Watu wa namna hiyo hawafukui kaburi. Maiti hawamo humo.

Wanaohofia kufufua hoja hudai kuwa nchi haitasonga ikirudia rudia mambo. Historia ya nchi yenyewe inawapinga. Mfumo wa chama kimoja ulihesabiwa kuwa jambo lililokwisha, hadi Mwalimu Nyerere mwenyewe alipolifungua upya mwaka 1990. Tume ya Jaji Nyalali ikakuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. Hakuna aliyeambiwa arudi kwenye michango.

Upande wa wafufuaji nao una dosari, na kikaoni ilionekana. Baada ya mwenyekiti kumkalisha mama yule, kijana mmoja, mzazi wa Kidato cha Kwanza, alimtetea kwa moyo, kisha akashauri iundwe tume ya kuchunguza lugha ya kufundishia, kwa kuwa, kwa maneno yake, "hakuna aliyewahi kulitazama jambo hili." Nia yake njema. Lakini kuanza upya kutoka alifu ndiko kunakowapa wenye mamlaka nafasi ya kupumua: tume mpya, posho mpya, ripoti mpya, kabati lilelile. Kufufua hoja kunamtaka mtu aanzie pale ilipokatiwa, akiwa na yaliyokwisha kupatikana mkononi. Asiyesoma ripoti ya 1982 hawezi kuuliza kwa nini Januari 1985 ilipita kimya.

Wapo pia wanaosema Kiingereza ndicho mlango wa dunia, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka mlango huo ufungwe. Kiingereza kifundishwe, tena kwa walimu walioiva na vitabu vya kutosha, kama somo. Kukifundisha vizuri ni jambo moja. Kumnyima mtoto alama za Baiolojia kwa kuwa hakukijua ni jambo jingine, na hilo la pili ni dhuluma.

Wizara yenye dhamana ya elimu inatakiwa iiweke ripoti ya Tume ya Makweta mahali ambapo mzazi yeyote anaweza kuisoma, na ieleze kwa maandishi, pendekezo kwa pendekezo, kwa nini yale ya lugha yalikataliwa na kama sababu hizo bado zipo. Hadi maelezo hayo yatolewe, kila mzazi ana haki ya kusimama kwenye kila kikao na kuuliza swali hilohilo.