Njia ya Baiskeli Si Njia ya Maskini

Kuna watu duniani wanalipa nauli ya ndege, wanalipa hoteli na kukodi baiskeli ili tu waendeshe kwenye barabara ya vumbi isiyo na magari. Siwatanii. Huko Ufaransa, kwenye vilima na misitu ya Morvan na kwingineko vijijini, huo ni utalii kamili. Zipo baiskeli zilizoundwa mahsusi kwa ajili ya changarawe, na bei ya moja mpya inaweza kumeza bumu lako la mwaka mzima na chenji usiione. Na mtalii huyo anafuata nini? Kimya, hewa safi, na uhakika kwamba nyuma yake hakuna lori linalopiga honi.

Hoja yangu ni fupi. Kitu hicho sisi wa Shinyanga na Geita tunacho. Tunakitumia kila siku kwenda shule, mnadani na zahanati. Na tunakifuta taratibu, kwa sababu tumejiaminisha kuwa baiskeli ni dalili ya umaskini.

Tuwatazame kwanza hao Wafaransa. Njia zao hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1997, kati ya miji ya Givry na Cluny, reli iliyokuwa imeachwa iligeuzwa kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu yenye urefu wa kilomita 44. Mwaka 2004 sheria yao ya barabarani ikaitambua rasmi aina hiyo ya njia: miguu, baiskeli na farasi ruksa, chombo chenye injini marufuku. Yaani nchi yenye lami hadi mlangoni kwa bibi ilikaa chini ikaamua kwamba mtu asiye na injini naye anastahili barabara yake.

Sasa twende kwetu. Ukitoka Shinyanga mjini ukaiacha lami, ndani ya dakika chache uko kwenye njia ambazo mtalii yule angezipiga picha mia. Kwenye miinuko kuna mchanga wa luseni, tairi linazama, unashuka unasukuma. Bondeni kuna udongo mweusi wa mbuga: kiangazi mgumu kama sakafu, masika unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mawe makubwa yamekaa juu ya vilima kama mtu aliyapanga. Ukikutana na mzee anakwambia "wangaluka", na ole wako upite bila kuitikia.

Na kuna misitu. Wengi hapa chuoni mnaijua Shinyanga kwa vumbi tu, lakini tafuteni habari za ngitili. Ni utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho, kulifunga wakati wa mvua ili majani na miti vikue, kisha kulifungua kiangazi ng'ombe wapate chakula. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kwanza kupambana na mbung'o, baadaye kwa mashamba ya pamba na kuni, mpaka watu wakaanza kuuita mkoa huu jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wanavijiji wakazirudisha ngitili zao. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya UNDP. Njia nyingi za baiskeli ninazozisema zinapita pembeni mwa ngitili hizo. Kivuli unachopita chini yake kina wenyewe walioamua kukitunza.

Pamoja na yote hayo, utani wa Msukuma na baiskeli hauishi hapa hosteli. Ninaucheka na mimi, ni utani wa nyumbani. Ila ndani yake kuna wazo zito: kwamba baiskeli ni kitu cha mtu ambaye bado hajafika. Ukipata hela unanunua pikipiki, ukipata zaidi unanunua gari, na barabara zijengwe kwa ajili ya waliokwisha kufika. Mji wa Shinyanga uliwahi kujaa daladala za baiskeli, kijana anakubeba kwenye keria yenye mto laini mpaka stendi. Bodaboda zilipokuja, wachache walijiuliza kama kuna kitu tunapoteza.

Tunachopoteza nilikiona Geita, nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Shule ilikuwa ya kata, na wanafunzi wengi walitoka vijiji vya mbali. Chini ya miembe paliegeshwa baiskeli, nyingine zimebeba watu watatu kutoka nyumbani. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akifika kipindi cha kwanza kikiwa katikati karibu kila siku. Nilipomuuliza, alisema baiskeli anayo, ila baba amemkataza kuipanda tangu barabara ya kwao iwekwe lami. Zamani gari lilipita mara chache na kwa mwendo wa kukwepa mashimo. Siku hizi mabasi na malori yanapita kama risasi, na pembeni hakuna pa kukimbilia isipokuwa mtaroni. Kwa hiyo anatembea. Barabara bora imemrudisha kwenye miguu. Tunaosomea ualimu tunafundishwa sababu za utoro na ufaulu mdogo. Hii sijaikuta kwenye kitini chochote.

Na hali itazidi kuwa hivyo. Ukanda huu ni wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu uko upande wa Kahama, na katikati yake kuna wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko. Dhahabu inavuta malori, mafuta, mashine na watu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na magari yaliyokuwa yakisubiri kivuko sasa yanapita moja kwa moja kuelekea Geita. Ni jambo jema na nimelifurahia kama wengine. Lakini mchimbaji anayebeba kiroba cha mawe kwenye keria kupeleka kwenye karasha naye yuko barabarani. Akiacha lami akapita njia ya porini, huko nako kuna maduara yaliyoachwa wazi bila kufukiwa. Usiku yanakumeza wewe na baiskeli yako.

Najua jibu litakalokuja: "Wewe unataka vijiji vibaki na vumbi ili watalii wafurahi." Hapana. Mama mwenye uchungu wa kujifungua hapelekwi hospitali kwenye keria, na mkulima wa pamba anahitaji lori lifike ghalani. Lami ijengwe. Ninachodai ni kwamba inapojengwa, mwenye baiskeli asifukuzwe.

Na nafasi ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Tunaijua kwa alama za X zilizochorwa kwenye nyumba za ndugu zetu. Lami yenyewe, hata ukijumlisha mabega yake, haifiki robo ya mita hizo 60. Njia ya moramu iliyoshindiliwa, upana wa mita mbili, ng'ambo ya mtaro, haihitaji kumhamisha mtu yeyote. Greda lipo pale pale kazini, moramu inachimbwa pale pale. Gharama yake ukilinganisha na lami ni ndogo, na baiskeli haina uzito wa kuiharibu. TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa za vijijini wangeliweka jambo hili kwenye michoro kabla mkandarasi hajafika, maana baada ya hapo ni hadithi.

Kwa anayedhani baiskeli ya vumbi haina hadhi, atazame Kenya. Tangu 2021 wanafanya mbio za changarawe katika Maasai Mara, na Timu Amani ina waendeshaji kutoka Afrika Mashariki wanaoshindana na wazungu hadi kwao. Nahodha wao, Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano ya aina hiyo Vermont, Marekani. Huyo hakuwa mtu ambaye bado hajafika. Sisi tuna vijana wanaopeleka magunia ya mkaa mjini kwa baiskeli ya Phoenix isiyo na gia, halafu tunasema vipaji hatuna.

Wenzangu wa ualimu, muhula ujao wengi wetu tutapangiwa shule, na baadhi mtaangukia Kahama, Msalala, Mbogwe au Geita. Msilie. Azima baiskeli kwa mwenyeji wako, mwulize njia za wenyeji, na Jumamosi moja zunguka nayo mpaka uijue kata. Wiki ya kwanza hesabu baiskeli zilizoegeshwa shuleni, waulize wanafunzi wanapita wapi na wanaogopa nini, andika majibu yao. Karatasi hiyo mpelekee mkuu wa shule, kisha omba iingizwe kwenye ajenda ya mkutano wa kijiji, na nakala ifike kwa diwani. Hakuna mhandisi atakayechora njia ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu.