Mtoto anakimbia na njaa, halafu munamuita mvivu

Ndugu raia, wazazi, makocha,

Kila Jumamosi tunaona jambo lile lile kwenye viwanja vya Butembo. Mtoto wa miaka 14 anafika kwa mechi saa tisa, tangu asubuhi amekunywa chai tupu. Kipindi cha pili miguu inakufa. Kocha anapiga kelele: mvivu! Mwenzake amenunua kopo ya kinywaji cha kutia nguvu. Moyo unaruka, usiku halali.

Sisi tunasema: huyu mtoto si mvivu. Hakuna mtu alimufundisha kula.

Wengi wetu tulisoma mambo ya lishe. Diploma iko kwenye sanduku, kazi hakuna. Lakini tunayoyajua si siri. Mtoto anayecheza anahitaji chakula cha kukimbia na cha kukua, vyote viwili. Ale masaa mawili ao matatu mbele ya mechi: viazi, ndizi, bugali, bila mafuta mingi. Anywe maji kidogo kidogo, asingoje kiu. Kisha mechi, maharagi na viazi vinarudisha nguvu. Mabinti wenye hedhi wanapoteza madini ya chuma: maharagi, lengalenga na ndagala vinasaidia, pamoja na chungwa ao limau. Chai ingoje saa moja kisha chakula, juu inazuia chuma kuingia mwilini. Na ile kopo? Madaktari wa watoto wa Marekani waliandika tangu 2011 kwamba haina nafasi kwa watoto na vijana.

Kuko watu watasema: «Kwetu tunakula mara moja kwa siku, nyinyi munatuletea mambo ya wazungu.» Tunajua, hata sisi tunakula mara moja. Ndiyo maana tunasema ile mara moja ipangwe vizuri, na franka za kopo zinunue ndizi na karanga.

Tunaomba mambo matatu:

1. Kila timu na kila shule itoe dakika 30 kwa mwezi kwa somo la chakula, wazazi wakiwa ndani. Sisi tutafundisha bila malipo.
2. Vinywaji vya kutia nguvu visiuzwe kwenye mechi za watoto.
3. Mbele ya mazoezi kocha aulize polepole nani hajakula. Huyo asipewe azabu ya kukimbia.

Haya yote hayangoje bajeti ya serikali. Jumamosi tutakuwa kiwanjani. Mutupatie zile dakika 30 tu.