Usiitupe Kadi Memori

Mjomba wangu wa hapa mjini Baraka alitumiwa zawadi na mwanawe anayeishi Marekani: strima, kisanduku cheusi chembamba kama kitabu cha nyimbo za kanisani, kazi yake kuchukua muziki kwenye intaneti na kuupeleka kwenye ampli. Mwanawe alifanya kazi za usiku ili akinunue. Tulikizunguka pale sebuleni tangu saa kumi jioni hadi giza likaingia. Kilitaka kwanza tufungue akaunti, kisha tushushe programu kwenye simu, kisha tukisubiri kijisasishe. Rezo ya simu ikapanda, ikashuka, ikapotea. Juu ya meza ileile ilikuwepo kadi memori ya mjomba, yenye nyimbo zaidi ya elfu moja alizozikusanya kwa miaka, na kisanduku hakikuwa hata na tundu la kuipokea.

"Muyomba, hii kadi utupe tu," kijana mmoja wa nyumbani akasema. "Hizi siku nyimbo yote iko mu intaneti."

Mjomba hakumjibu. Alichomoa waya wa ampli nyuma ya kisanduku, akauchomeka kwenye simu yake ya zamani iliyopasuka kioo, akarudisha kadi ndani yake, na bafle zikaanza kuimba.

Sentensi ya kijana yule nimeisikia sokoni, bandarini, kwa wanafunzi wanaorudi kutoka Bukavu, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo wanaotaka kutupendezesha. Inasemwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa: muziki wote uko hewani, anayehifadhi nyimbo nyumbani amebaki nyuma, na mashine bora ni ile inayotegemea intaneti peke yake. Naipinga kwa nguvu zangu zote. Ni uongo, na uongo huu unawamaliza watu fedha. Kibaya zaidi, unawafundisha kutupa kitu ambacho hawatakipata tena.

Tuanze na hilo neno "yote". Vita vya 1996 viliposhuka hapa kwetu Fizi, familia nyingi zilivuka ziwa kwenda Kigoma, na mwaka huohuo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Watu walifika huko na kwaya zao, na nyimbo za harusi na za msiba za Kibembe. Waliimba, na mwenye redio-kaseti alirekodi. Tangu 2005 meli zilipoanza kuwarudisha watu na kuwashusha hapa Baraka, kaseti zile zilirudi ndani ya mabunda ya nguo na sufuria. Nimezitafuta sauti hizo kwenye intaneti kwa jina la kwaya, kwa jina la mtunzi, kwa maneno ya kiitikio. Hazimo. Zilizomo ni za kwaya zilizobahatika kupata studio na kamera baadaye, nami nafurahi kwamba zimo. Lakini mama zetu walioimba chini ya turubai hawakupandishwa na mtu yeyote.

Walinganishe na mwanamuziki Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na leo ukimtafuta utampata kwa urahisi, kwa sababu mwaka 1989 kampuni ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake na kuieneza duniani. Nampenda Remmy, na alistahili hata zaidi ya hayo. Ila tuone jinsi mambo yanavyokwenda: kinachofika hewani ni kile ambacho mtu fulani, mahali fulani, alikilipia ili kifike. Nani alilipa kwa ajili ya kwaya ya Nyarugusu?

Na hata kilichopandishwa hakina dhamana. Mwaka 2019 MySpace, ambayo wakati mmoja ilikuwa soko kubwa la wanamuziki chipukizi duniani, ilikiri kwamba ilipoteza nyimbo zilizowekwa kwake kabla ya 2016 wakati wa kuhamisha mitambo. Ni mamilioni ya nyimbo. Aliyekuwa na nakala nyumbani alibaki na wimbo wake. Aliyeamini kwamba "iko hewani" hakubaki na kitu.

Sasa tuje kwenye gharama ya mega, yaani data ya intaneti. Wimbo wa ubora mzuri wa kawaida hupita kwa kilobiti 320 kila sekunde. Piga hesabu: saa moja ya kusikiliza hula megabaiti 144. Nyumba inayopiga muziki saa nne kwa siku itamaliza gigabaiti 17 kwa mwezi. Ukitaka ubora wa sidii, ambao ndio hasa watu hununua strima kwa ajili yake, hata baada ya kubanwa bila kupoteza kitu utahitaji zaidi ya mara mbili ya hiyo. Nenda kwa wauza inite za simu hapo mjini, uulize bei ya gigabaiti 17, kisha uulize bei ya kadi memori ya gigabaiti 32, ambayo inabeba zaidi ya saa 200 za muziki wa ubora uleule. Kadi unainunua mara moja. Mega unazinunua hadi kufa, na wimbo uleule unaulipia kila unapoupiga.

Halafu kuna jambo ambalo Mkongomani yeyote hapaswi kukumbushwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchi nzima. Ilirudi baada ya siku kama 20. Mwaka Mpya ukasherehekewa bila intaneti. Hapa Baraka watu walicheza, kwa sababu muziki ulikuwa mfukoni na kwenye flashi. Nyumba iliyokuwa na strima pekee ingekaa kimya siku zote hizo, na kisanduku kingewaka taa yake bure.

Najua jibu linalokuja: huduma hizi zinaruhusu kushusha nyimbo na kuzisikiliza bila rezo. Ni kweli, kwa masharti. Spotify, kwa mfano, inakutaka urudi hewani angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizozishusha zinafungwa. Ukiacha kulipa, zinafungwa pia. Kwa hiyo hujanunua wimbo, umekodi ufunguo, na anayeushika ufunguo huo hajui kama barabara ya Uvira imefungwa au mnara wa simu umekosa mafuta.

Kwenye mashine zenyewe ndipo imani hii inapoumiza zaidi. Logitech waliuza kwa miaka strima zilizoitwa Squeezebox, na zilipendwa sana. Mwaka 2012 waliacha kuzitengeneza, na mwaka 2024 wakaifunga tovuti iliyokuwa inaziunganisha na huduma za muziki. Waliokuwa wanategemea tovuti ile peke yake walishikwa na mashaka. Lakini Squeezebox ilikuwa imejengwa tangu mwanzo kusoma muziki ulioko kwenye kompyuta ya mwenye nyumba, kwa programu ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuitengeneza. Wapenzi wake wakaichukua programu ile wakaiendeleza wenyewe, na mashine za zaidi ya miaka kumi zinaimba hadi leo. Sioni mfano ulio wazi kuliko huu. Mashine inayokubali nyimbo zako huishi hata baada ya kampuni kugeuza mawazo. Isiyokubali huzikwa siku kampuni inapochoka nayo, na Google walipofunga huduma yao ya Play Music mwishoni mwa 2020 waliwaonyesha watu kwamba ukubwa wa kampuni hauzuii kuchoka.

Wengine hunijibu kwa upande wa sauti: muziki wa intaneti ni msafi zaidi, wa kadi ni wa kukwaruza. Hapa kuna kosa la kuchanganya vitu viwili. Muziki wa kidijitali ni namba. Sidii hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, na namba hizo zikifika kamili kwenye kigeuzi, yaani kile kinachozigeuza kuwa sauti, kigeuzi hakijui kama zimetoka kwenye mnara wa simu au kwenye flashi. Hazinawi njiani. Nyimbo nyingi za vibanda vyetu vya kuweka nyimbo kwenye kadi hukwaruza kwa sababu nyingine: zimebanwa hadi kilobiti 64 au 96 ili ziingie nyingi kwenye kadi ndogo, kisha zikanakiliwa, zikabanwa tena, zikanakiliwa tena. Dawa ni kuanza na faili nzuri, ya FLAC (iliyobanwa bila kupoteza kitu) ukiipata, au ya MP3 ya kilobiti 320. Mwambie kijana wa kibanda akupe hiyo hata kama nyimbo zitakuwa chache. Ukisisitiza anayo, au anajua pa kuipata.

Na kama unayo fedha ya kuongeza usafi, ipeleke kwenye bafle na kwenye chumba. Sebule zetu nyingi ni matofali, sakafu ya saruji na bati juu. Sauti inagonga na kurudi kama mpira. Toa bafle kwenye kona, maana kona huvimbisha besi hadi maneno yanazama. Zinyanyue zifike usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Tandika mkeka, tundika kitenge kizito kwenye ukuta ulio mkabala nazo. Nilifanya hivyo kwa mjomba, na aligeuka akaniuliza nimebadilisha ampli gani.

Kuna pingamizi moja ambalo ninaliheshimu: vibanda vya kuweka nyimbo havimlipi mwanamuziki hata faranga, na huduma za intaneti humlipa kitu, ingawa ni kidogo sana. Ni kweli, na inanisumbua. Kijana wa Fizi anayerekodi leo anastahili kula kwa jasho lake. Kwa hiyo nasema wazi: anayeweza kununua faili moja kwa moja kwa mwimbaji, anunue; kwaya nyingi hapa zitakuwekea albamu nzima kwenye flashi ukienda kwao Jumapili na mchango mkononi. Na intaneti itumike kwa lile inaloliweza vizuri, yaani kugundua msanii usiyemjua. Sina ugomvi na intaneti. Ugomvi wangu ni na mashine isiyojua kuimba bila hiyo.

Kwa hiyo unayetaka kununua strima, au unayetaka kumwambia ndugu wa ng'ambo akutumie, uliza hivi kabla fedha haijatoka. Inapiga nyimbo kutoka kwenye flashi au diski bila akaunti na bila rezo? Usikubali jibu la "nadhani". Ijaribiwe dukani, intaneti imezimwa. Inasoma FLAC na MP3 zote mbili? Ina vitufe mwilini mwake, au bila simu ni jiwe? Inatumia umeme gani? Hili la mwisho wauzaji wa Ulaya hawalitaji kabisa, na kwetu ni kubwa. Mashine ya volti 5, inayotumia waya kama wa kuchajia simu, inakaa vizuri kwenye betri ya pano ya jua kupitia kibadilishi kidogo cha volti cha bei nafuu. Ile inayotaka volti 220 inakulazimisha kuwasha inveta, na inveta hula betri hata muziki ukiwa wa chini.

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa 2012, inatimiza karibu yote hayo, ikiwekewa programu ya bure ya muziki na kigeuzi kizuri. Lakini kwa nyumba nyingi za Baraka nasema bila kusita kwamba strima bora tayari imo kabatini: simu ya zamani yenye tundu la kadi na tundu la waya wa masikioni. Itoe laini, ifute kila kisichohusu muziki, iunge na ampli kwa waya mzuri, iache hapo. Mjomba alifanya hivyo kabla yetu sote, na hakusoma popote.

Kadi nayo ichaguliwe kwa macho. Sokoni zimejaa zilizoandikwa gigabaiti 128 kumbe ndani ni 8. Zinapokea kila unachoweka na kukirudisha kimevunjika. Ijaze hadi mwisho siku unayoinunua, kisha ufungue nyimbo za mwisho uone kama zinaimba. Na weka nakala mbili, ya pili katika nyumba nyingine. Watu wa Fizi wamekimbia mara nyingi mno kwa mimi kueleza kwa nini.

Binamu wa Marekani nimemwandikia. Kisanduku chake kitauzwa Bukavu au Kigoma, kwa mtu mwenye intaneti ya kudumu. Nimemwomba atume kifaa kidogo cha kuingiza sauti ya kaseti kwenye kompyuta, kwa sababu redio-kaseti ya mjomba kichwa chake bado kizima. Tumekwisha kuhamisha kaseti tatu za Nyarugusu kwa waya wa kuazima. Ya nne ina kwaya ya mama yangu upande wa pili, na mkanda wake umekatika karibu na mwanzo. Fundi wa pale chini karibu na bandari amesema atauunga Jumamosi.