Chumba cha hoteli ni nyumba ya kwanza ya mtoto

Familia zenye kutoka Ulaya ao Marekani kuja Kongo kuasili mtoto hutayarisha karatasi kwa miezi mingi. Chumba cha hoteli wanakichagua mwishoni, kwa kuangalia bei tu. Hilo ni kosa, kwani ndani ya chumba hicho ndimo mtoto anaanza kujua nani ni baba na mama yake.

Mambo yaliyopita yanafundisha. Mwezi wa Septemba 2013, DGM, idara kuu ya uhamiaji, ilisimamisha ruhusa za kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Mahakama ilikuwa imekwisha kukubali, lakini watoto hawakuweza kupanda ndege. Wazazi wengine walirudi kwao mikono mitupu, wengine walibaki Kinshasa wakingojea. Watoto wengi walipata ruhusa mwaka 2016 tu. Basi mgeni asichague chumba cha siku tatu. Achague chumba ambamo anaweza kuishi mwezi mzima na mtoto.

Kwanza, achukue chumba cha chini. Mtoto mwenye hajaona ghorofa hajui hatari ya baraza la juu. Pili, aulize kama kuna jenereta, kama maji yanatoka kila siku, na kama kuna mahali pa kupikia. Mtoto amezoea uji, fufu na sombe. Akibadilishiwa vyote siku moja, tumbo litakataa. Tatu, chandarua chenye dawa kisikose, na maji ya kunywa yawe ya kuchemsha ao ya chupa iliyofungwa.

Usiku ndio mgumu zaidi. Mtoto aliyelala na wenzake wengi kituoni anaogopa kitanda chake peke yake. Godoro lake liwe karibu na la wazazi, na taa ndogo ibaki inawaka. Wazazi wajifunze kwa lugha yake maneno machache: maji, njaa, choo, usiogope.

Wenye hoteli pia wana kazi. Kabla ya kumuuliza mama huyu maswali mbele ya watu kwa sababu rangi yake na ya mtoto hazifanani, waombe karatasi ya mahakama kwa upole, pembeni. Mtoto anasikia, na siku moja atakumbuka namna gani nchi yake ilimuaga.