Mlio haumfikishi mtu shule: kwa nini naitoa DT ya mzee

Najua nimepotea, shule imebana, testi juu ya testi. Ila leo siongelei testi wala bumu limekwama wapi. Leo naongelea pikipiki, na najua kuna watu wa bweni letu watanuna. Wanune tu.

Kwa wasiojua: nyumbani kwetu Ubena tuna Yamaha DT 125, ile ndefu ya porini, tustroki, ya kuchanganya oili na petroli. Marehemu mzee alikuwa bwana shamba, akaipata kwenye mnada wa mradi fulani uliofungwa. Sasa kuna jamaa wa Chalinze ana Boxer 125 iliyotumika, fostroki. Anataka tubadilishane: mimi nampa DT na kuongeza laki nne, yeye ananipa Boxer. Anaitaka DT kwa ajili ya shamba lake la ndani huko. Na mimi mwezi ujao naanza TP kwenye sekondari iliyo kilomita 14 kutoka nyumbani, njia yote vumbi.

Nilipolitaja hili kantini, ebwana eeh! Utafikiri nimesema nauza figo. "Unatoa DT unachukua Boxer? Mwalimu mzima unapanda pikipiki ya bodaboda?" Mwingine, tena wa Fizikia mwenzangu, akasema eti tustroki ndio mashine, fostroki ni cherehani. Wiki nzima naitwa fundi cherehani. Sasa sikieni majibu ya fundi cherehani.

Kwanza nawapa haki yenu, nisije nikaambiwa nimebagua. Kwenye tustroki pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, imeshalipua. Fostroki mpaka ipande na kushuka mara mbili: ivute, ikandamize, ilipue, itoe. Kwa hiyo kwa ukubwa uleule wa injini, tustroki ina nguvu zaidi na ni nyepesi. Haina valvu, haina kemshafti, fundi mwenye spana nne anaifungua chini ya mwembe. Ndio maana mashirika, misheni na ofisi za kilimo zilijaza DT na AG100 vijijini enzi zile. Mzee wangu alikuwa anapita kwenye tope ambalo Land Rover inalala. Hilo nimeliona kwa macho yangu, sibishi.

Hata kwenye mbio kubwa za dunia ilikuwa hivyo. Mwaka 2001 Valentino Rossi alichukua ubingwa wa mwisho wa daraja la 500cc akiwa na Honda ya tustroki. Mwaka 2002 yakaanza mashindano ya MotoGP, na fostroki zikaruhusiwa hadi 990cc ndio ziweze kupambana. Karibu mara mbili ya ukubwa! Mpaka hapo mna pointi. Ila huyo huyo Rossi mwaka 2002 akapanda fostroki na akachukua ubingwa tena. Hakubaki nyuma analia kwamba mlio umebadilika.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana nyie watu mnasoma ualimu wa Hisabati halafu kantini mnabishana kwa sauti ya eksosi.

Kwenda na kurudi ni kilomita 28. Siku tano ni 140. TP ya wiki nane ni kilomita 1,120. DT yetu nimeipima mwenyewe, kwa tope na vumbi la kwetu inaenda kilomita 25 kwa lita. Kwa Boxer nimeweka 50, na wenye nazo kijiweni wameniambia nimeionea. DT itakula lita 44.8. Boxer itakula 22.4. Tuweke lita moja shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi: tofauti ni shilingi 67,200 kwa TP moja. Kwa mtu anayeishi kwa bumu hizo ni wali maharage za siku nyingi sana.

Na oili je? Hapa watu wengi wanapotea. Wanadhani ubaya wa tustroki ni kununua oili. Kwa mchanganyo wa moja kwa 40, hizo lita 44.8 zinataka oili lita 1.12. Boxer nayo kwa kilomita hizo utaimwagia oili mpya mara moja, lita moja hivi. Ngoma droo. Pesa inapotelea kwenye petroli. Kwenye tustroki, pale mchanganyiko mpya unapoingia kwenye silinda, tundu la kutolea moshi nalo liko wazi, kwa hiyo sehemu ya petroli inatoka nje ikiwa mbichi kabla hata haijaungua. Unainunua kwa pesa, unaimwaga barabarani, halafu unasifia mlio!

Kuna mjanja atasema: laki nne za kuongeza utazirudisha lini? Swali zuri. Naokoa 8,400 kwa wiki. Laki nne gawanya kwa 8,400 ni wiki kama 48 za kwenda shule, yani zaidi kidogo ya mwaka mmoja wa masomo. Kwa petroli peke yake sitazirudisha kwenye TP, na mtu anayekwambia utazirudisha anakuuzia kitu. Ingekuwa ni petroli tu, ningebaki na DT.

Ila pikipiki hii sio yangu peke yangu, na hapa ndipo naudhika na kelele za kantini. Nikiwa chuo DT iko nyumbani. Mdogo wangu ndiye anapeleka nyanya za mama Mdaula na kumshusha dada yetu mdogo shuleni. Pampu ya oili ya ile DT ilikufa zamani, mzee akaitoa, tukawa tunachanganya kwa mkono. Mzee alikuwa na kikopo chake chenye alama ya msumari, hakosei. Mwaka jana dogo alinunua petroli ya chupa njiani, muuzaji akamwambia tayari imechanganywa. Haikuchanganywa. Kilomita chache mbele pistoni ikakamata, gurudumu la nyuma likajifunga, dogo na tenga la nyanya wakaingia mtaroni. Tunamshukuru Mungu alichubuka tu na hakukuwa na lori nyuma. Ile ni barabara ya Morogoro jamani, mnajua malori yake.

Baada ya hapo ilikuwa kutafuta pistoni na ringi. Fundi wetu pale ana spea za Boxer, TVS na za Kichina zimening'inia kama mitumba. Za DT hana. Mpaka Kariakoo, na ukifika unaambiwa njoo kesho, halafu unaletewa feki. Wiki tatu mama alikuwa anakodi bodaboda kupeleka nyanya. Bodaboda yenyewe aina gani? Boxer. Ile ile ambayo mwalimu anaona aibu kuipanda.

Mnaosema tustroki ni rahisi kutengeneza, mko sahihi kwa mwaka 1990. Urahisi wa injini una maana kama spea iko karibu. Injini yenye vipande vichache inakuwa ngumu kuliko zote pale kipande kimoja kinapokosekana.

Na moshi je? Dada yetu anafika darasani sketi inanuka oili iliyoungua. Mji wa Dhaka kule Bangladesh ulipiga marufuku bebi-teksi za tustroki mwishoni mwa 2002 kwa sababu hewa ilikuwa haivutiki. Ubena sio Dhaka, hewa tunayo. Ila mtoto aliyekaa nyuma ya ile eksosi kila asubuhi, Dhaka yake ni pale pale kwenye siti.

Sasa hii aibu ya bodaboda, tuiseme wazi maana ndio kiini cha ubishi wote. Hakuna aliyenishinda kwa hesabu. Wote mwisho wanarudi kwenye "utaonekanaje". Yani mtu anaogopa wanafunzi wakimwona kwenye Boxer watamwita "boda". Kaka zetu wangapi wamemaliza digrii ya ualimu na sasa hivi wako kijiweni wanaendesha hizo hizo Boxer wakisubiri ajira? Ndio wanalipa kodi ya chumba na kusomesha wadogo zao. Ukimdharau leo, kesho kutwa uko kwenye foleni nyuma yake unaomba akupishe abiria. Na tukienda kufundisha watoto wa bodaboda, wa mama lishe na wa wakulima huku tunaona aibu ya vyombo vya baba zao, tunafundisha nini hasa?

Limebaki la baba mdogo, na hili nalisema kwa heshima. Baba mdogo anasema kuuza DT ni kumzika kaka yake mara ya pili. Namwelewa. Hata mimi nikisikia tustroki inapita mbali huwa nageuka. Lakini mzee hakuinunua ile pikipiki ili ikae iwe kaburi. Aliinunua imfikishe kwa wakulima. Siku ilipokuwa haimfikishi alikuwa anaisukuma huku anaitukana, mashahidi wapo. Urithi alioniachia ni kufika kazini. Kikopo chenye msumari nimeshakichukua, hicho sikitoi kwa laki nne wala kwa laki arobaini.

Sasa msije mkasema nimelewa fostroki. Nazo zina ugonjwa wao. Katikati ya miaka ya 1970 Honda walitoa CG125 baada ya kuona kwamba kwenye nchi kama zetu watu wanabeba mzigo kupita kiasi na oili hawabadilishi. Wakaweka fimbo za kusukuma valvu badala ya kemshafti ya juu yenye cheni, ili injini ivumilie uzembe. Wachina wakaikopi, ndio maana mafundi wetu wanaijua kama kiganja cha mkono. Boxer sio CG. Kemshafti yake iko juu na inazungushwa na cheni, kwa hiyo oili ndio roho yake. Boxer iliyopigishwa boda miaka miwili kwa oili nyeusi kama lami ni deni lenye magurudumu.

Kwa hiyo masharti yangu kwa jamaa wa Chalinze ni haya, na wewe unayetaka kununua iliyotumika yachukue:

1. Naiwasha ikiwa ya baridi, mimi mwenyewe. Ikiwa imeshapashwa moto kabla sijafika, naondoka.

2. Naangalia moshi. Kwenye DT moshi wa bluu ni kawaida, ndio oili yake inaungua. Kwenye fostroki moshi wa bluu maana yake ringi au sili za valvu zimekwisha.

3. Nasikiliza cheni ya ndani. Ikilia kama sarafu kwenye kopo, bei inashuka au naondoka.

4. Kadi halisi, jina liendane na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Boxer nyingi mtaani ni za mkataba: dereva analeta hesabu kila siku mpaka amalize ndio iwe yake. Akikuuzia kabla hajamaliza, mwenye mali atakuja kuichukua mlangoni kwako na sheria iko upande wake.

5. Tunaandikishana mbele ya mashahidi kwenye ofisi ya kijiji, halafu TRA tunahamisha umiliki, za DT na za Boxer, siku hiyo hiyo. Sitaki DT ifanye tukio huko ndani halafu watafutwe warithi wa marehemu.

Likishindikana hata moja, DT inabaki na mimi natafuta Boxer nyingine. Ila kurudi kwenye tustroki kwa sababu ya mlio, hapana. Siku mwanafunzi wangu wa kidato cha pili atakaponiuliza kwa nini nimechelewa kipindi, siwezi kumjibu kwamba pikipiki yangu inalia vizuri.

Jumamosi nashuka Ubena na fundi. Nauli ya fundi nimelipa, laki nne ziko tayari, mama ameshasema ndio. Mama ndiye mwenye nyanya, kwa hiyo kura yake ni nzito kuliko ya kantini nzima.

Mnaobisha, leteni kalamu na karatasi. Nawakilisha.