Waraka wa Wazi kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana: Wanahisa Waelezwe Gawio Linavyopangwa

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Kila msimu wa mikutano mikuu, mwanahisa mdogo hufungua gazeti akatafuta mstari mmoja tu: bodi inapendekeza gawio la shilingi ngapi kwa hisa. Linapokosekana, mara nyingi huambiwa ni kwa ajili ya "kuimarisha mtaji", basi. Nakuandikia kuomba sababu kamili zitolewe, tena kwa Kiswahili.

Wananchi wengi waliingia sokoni mara ya kwanza mwaka 2017, Vodacom Tanzania ilipouza asilimia 25 ya hisa zake kwa shilingi 850 kila moja. Wengi wao bado wanaamini kwamba kampuni ikipata faida, gawio lazima litoke. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inataka gawio litokane na faida, ni kweli, lakini faida iliyo vitabuni pekee hailipi mtu.

Tuseme kiwanda cha saruji kimetangaza faida ya shilingi bilioni 20. Bilioni 15 kati ya hizo bado wanazo wakandarasi waliochukua saruji kwa mkopo, nao wanasubiri kulipwa na serikali. Tanuru limechakaa. Kiwanda kinadaiwa kwa dola, na shilingi ikishuka deni linapanda hata kama hakikukopa tena. Benki nayo iliweka sharti kwenye mkataba: deni likizidi kiwango fulani, hakuna gawio. Bodi ya kiwanda hicho ikinyima gawio, imefanya jambo la haki. Ikikopa ili ilipe, inatupa fedha ambazo mwaka ujao tutazirudisha kwa riba.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Kampuni mama iliyo nje ya nchi inaweza kuchukua chake mapema kupitia ada za usimamizi na za matumizi ya nembo, kabla faida haijahesabiwa. Gawio angalau tunagawana kwa hisa. Ada ni ya mmoja. Habari hiyo imo katika maelezo ya hesabu, kurasa za nyuma kabisa, kwa Kiingereza cha wahasibu.

Kwa hiyo naomba Mamlaka iagize kila kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam iambatanishe ukurasa mmoja na tangazo la gawio. Uonyeshe fedha taslimu zilizopatikana kutokana na biashara, madeni na masharti yake, uwekezaji unaokuja, na malipo yote kwa kampuni mama. Serikali imeshapunguza kodi ya gawio la kampuni hizi hadi asilimia 5, badala ya 10, ili kuvutia wawekezaji. Maelezo ya wazi yatawavutia zaidi.

Tunaomba agizo hilo litoke kabla ya mikutano mikuu ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanahisa mdogo, Dar es Salaam